Shikamoo Mzee, Tupishe

Mtu akikutukana barabarani, angalau unajua mmefika wapi. Unamrudishia tusi lake, au unapandisha kioo na kumwachia Mungu, basi, kila mtu anakwenda zake. Utingo wa semi zinazopita Barabara ya Mandela wamenivurugia utaratibu huo. Hawatukani. Wanaamkia.

Mambo yenyewe huwa hivi. Umetoka Tabata asubuhi, umepita Relini, unajivuta na foleni kuelekea Buguruni ili ukamate Barabara ya Uhuru uende Kariakoo kufungua duka lako la vyombo. Nyuma yako unasikia breki za upepo zikipumua, pshhh, halafu ndani ya gari kunakuwa giza. Unatazama saitimira. Huoni lori, unaona tairi. Juu huko dirisha linashuka, kijana anatoa kichwa na mkono, anaupiga mlango makofi mawili, kisha kwa adabu yote aliyofundishwa na mama yake anasema, "Shikamoo mzee! Tupishe kidogo."

Mimi nimelelewa, bwana. Shikamoo haiachwi ikining'inia hewani. Sasa wakati bado natafuta sauti ya kuitikia marahaba, bampa imeshaingia mbele yangu, kichwa kikafuata, nyuma ya kichwa tela, juu ya tela kontena la futi arobaini, na mimi nimehamia kwenye bajaji na wauza ndizi. Dereva mwenyewe hata hajanitupia jicho. Yeye kazi yake usukani. Mambo ya nje ameachiwa utingo.

Kuchomekewa na daladala nimekuzoea. Konda akichomekea anajua kabisa amekosa, ndiyo maana anapiga kelele kabla yako. Bodaboda nao tunaishi nao. Semi haichomekei, inahamia. Na hao hao madereva wa daladala ambao hawamwogopi trafiki, hawaogopi abiria wala mvua ya Aprili, wakiiona wanageuka masheikh. Wanakaa pembeni, taa wamewasha, wanasubiri ipite.

Tufanye hesabu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyotungwa ili nchi zetu zote zipime malori kwa kipimo kimoja, inaruhusu tani 56 kwa gari la ekseli saba. Kivitz changu, nikiwemo mimi, sampuli za vyombo na chupa ya chai, hakifiki tani moja na robo. Halafu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasema sote wawili, yeye na mimi, kwenye makazi ya watu tusizidi kilomita 50 kwa saa. Sheria inatuona sawa. Nilimweleza haya yote trafiki mmoja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaniuliza kama mtungi wa kuzimia moto ninao.

Nisiwaonee, lakini. Kwenye safari ndefu madereva hawa ni waungwana. Ukiwa nyuma ya lori kati ya Chalinze na Morogoro, mbele huoni kitu, anakuwashia indiketa ya kulia: tulia, kuna gari linakuja. Anakuwashia ya kushoto: pita, njia nyeupe. Unapita, unapiga kihoni cha ahsante, naye anajibu kwa honi inayoamsha kijiji. Shida ni kwamba wakifika mjini wanaendelea na lugha hiyo hiyo. Indiketa ya kushoto ya semi pale Tabata yaweza kuwa na maana ya pita, au nakata kona, au nasimama kununua mihogo, au nimeisahau hivi tangu Tunduma. Na hapo hujagusa yale malori ya mitumba ya Marekani, yenye pua ndefu na usukani kushoto. Nyuma yameandikwa onyo kwa Kiingereza, herufi kubwa nyekundu. Yaani dereva amekwishakuarifu kwamba upande wako haoni vizuri. Wajibu wake umeishia hapo. Yaliyobaki ni juu yako na bima yako.

Kisha lori moja linaharibika. Pembetatu za kuakisi mwanga zinauzwa madukani, bei yake si ya kuuzia shamba, na kila askari anaziulizia. Ila dereva wetu ana imani na majani. Matawi mawili mbele, matatu nyuma, jiwe chini ya kila tairi, kazi imekwisha, utingo analala uvunguni. Jambo linaloninyima usingizi ni hayo matawi. Buguruni yote ile ni lami, mtaro na vibanda vya chipsi. Mti uko wapi? Nimefikia uamuzi kwamba wanasafiri nayo, yamekunjwa pamoja na turubai. Lori likipona linaondoka, majani yanabaki, mawe yanabaki, na anayeyagundua usiku huwa ni mimi, kwa rimu.

Najua kuna mtu atasema barabara ni yao. Ni yao kweli. Watu wa umri wangu wanaikumbuka Mandela kwa jina lake la zamani, Port Access, njia iliyotengenezwa makusudi ili mzigo wa bandarini uuzunguke mji badala ya kukatiza katikati yake. Sisi ndio tulioyafuata malori. Tukajenga, tukafungua gereji na bucha na shule za chekechea zenye picha ya twiga ukutani, tukanunua vigari kutoka Japani kwa mkopo wa kikoba, halafu tukaanza kushangaa kwamba kuna lori linapita.

Na ugomvi huu ni mzee kuliko gari langu, kuliko hata duka langu. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zambia ikabanwa njia ya kusini, ikaigeukia Dar es Salaam. Mafuta yakapanda malori kwenda, shaba ikapanda malori kurudi, kwenye njia ya vumbi na matope ambayo waandishi wa Kiingereza waliipa jina lenye jehanamu ndani yake. Mwaka 1968 likaja bomba la mafuta la TAZAMA. Kisha Wachina, Watanzania na Wazambia wakajenga TAZARA, kilomita 1,860 za reli, ikakabidhiwa mwaka 1976. Ilijengwa kwa ajili ya mzigo huu huu. Leo hebu simama pale mataa ya Tazara. Stesheni ile kubwa imekaa kimya na madirisha yake, na mbele yake semi zimepangana, moja baada ya nyingine, zinakwenda Zambia kwa matairi.

Pale pale Tazara ndipo nilipopata uchungu mwingine. Daraja la Mfugale lilipofunguliwa Septemba 2018, nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Daraja zuri, sina neno. Ila lililopandishwa juu ni Barabara ya Nyerere. Anayewahi ndege anapita juu, upepo unampiga. Sisi wa Mandela tumeachwa chini na makontena yetu, tukitazama taa nyekundu na matumbo ya daraja.

Msinielewe vibaya kuhusu makontena. Mimi nauza vyombo, na sahani hazioti Gerezani. Chupa za chai, hotipoti, ndoo, vyote vinatoka Guangzhou, vinashukia bandarini, na zile siku za bure zikiisha kontena linaanza kula hela kila jua linapochomoza. Storeji haina Jumapili wala Idi. Kwa hiyo kijana anayenigombolea mzigo akinipigia kusema, "Mzee, limetoka getini," mimi humjibu neno moja tu: mwambie dereva akimbize. Nimeshalisema hilo nikiwa ndani ya foleni ile ile, huku semi nyingine imenilalia ubavuni. Wanangu wanaona kuna mgongano hapo. Mimi siuoni. Lori lenye mzigo wangu likimbie, mengine yatembee.

Kwa dereva nako hakuna raha. Amelala kwenye kibini akingoja zamu ya kupakia, amepika ugali chini ya tela, ameoga kwa dumu nyuma ya tairi. Akitoka getini ana zaidi ya kilomita 900 mpaka Tunduma, na kama anakwenda Lubumbashi hapo hajafika hata nusu. Mwenye gari anampigia, wakala anampigia, mimi tumeshasema nampigia. Kiumbe wa kwanza anayemkuta mbele yake akiwa na hasira zote hizo ni mwenye Vitz anayekwenda kufungua duka. Ningemhurumia zaidi kama angegusa breki kidogo.

Sasa mtazame mbabe huyo huyo akiingia Kariakoo.

Inakuwa usiku, maduka yamefungwa, na kontena limeletwa kushushwa. Mitaa yetu ilichorwa zamani, kabla mtu hajaota kontena la futi arobaini. Semi inaacha Msimbazi, inataka kuingia Narung'ombe. Utingo anaruka chini na kupandishwa cheo papo hapo, anakuwa mhandisi. "Lete! Lete! Kata kulia! Yote! Yote! Hapo hapo!" Kijana mwingine yuko juu ya kontena na fimbo, ananyanyua nyaya za umeme na zile za intaneti ambazo hakuna anayejua ni za nani. Guta limekwama huku, mkokoteni kule, wabeba mizigo wamekaa kwenye baraza wanakunywa kahawa na kutoa ushauri ambao haujaombwa. Machinga wanakunja maturubai yao taratibu, kwa mwendo wa mtu anayekunja kanzu ya marehemu.

Na pale kwenye kona, haswa mahali ambapo tairi la nyuma la tela linapaswa kupita, amekaa mama na sinia lake la karanga na kibatari.

Dereva anapiga honi. Mama anapanga karanga. Utingo anakwenda, anaamkia, maana kuamkia ndiyo silaha yake. "Shikamoo mama." Mama anaitikia marahaba, mwanangu hujambo, nyumbani hawajambo, wazazi wazima? Salamu kamili, ile ya kijijini. Sinia halijasogea. Mwisho dereva mwenyewe anazima injini. Anafungua mlango, anashuka ngazi zote za kile kichwa, amevaa malapa, na kwa mara ya kwanza unagundua kwamba ni mtu mfupi. "Mama yangu, samahani, naomba nisogezee kidogo tu nipite." Mama anamtazama. "Utanunua za ngapi?"

Nimeona kwa macho yangu dereva wa tani 56 akinunua karanga za elfu mbili ili aruhusiwe kukata kona. Kivitz changu, chenye honi, bima kubwa na stika zote kiooni, hakijawahi kupata robo ya heshima ile. Nimewaza kubeba sinia. Mke wangu amekataa.

Wakubwa wanasema dawa ipo. Julai 31, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, na mpango ni kwamba makontena yatoke bandarini kwa reli yakapakiliwe kwenye malori huko huko, semi za Zambia na Kongo zisiwe na sababu ya kuingia Mandela. Naiunga mkono Kwala kwa moyo wangu wote, kwanza kwa sababu ni kazi nzuri, pili kwa sababu iko mbali na Tabata. Ila tusisahau kwamba nchi hii ilishajenga reli mara moja kwa sababu hii hii. TAZARA haikuangushwa na utingo. Vichwa vya treni vilipungua, mabehewa yakapungua, na lori likachukua mzigo uliokuwa umekaa chini. Wanaohusika na reli hii ya Kwala waweke vipuri kwenye bajeti kabla ya maturubai ya sherehe.

Wenye malori nao nina neno nao. Mlipeni dereva siku anazokaa kwenye foleni kama mnavyomlipa anapotembea, asitoke getini akiwa na deni la siku tatu la kulifidia kwenye mgongo wangu. Na mnunulieni pembetatu. Majani yaachwe yakue.

Wewe mwenzangu wa gari dogo, ukiikuta semi inataka kukata kona kushoto, usijipenyeze kushoto kwake hata kama nafasi unaiona. Nafasi hiyo si yako. Kichwa kitakwenda kulia kwanza, halafu tela litakuja kulala hapo hapo ulipo, na dereva hana namna ya kukuona. Kaa nyuma mpaka tela limalize kupita. Utachelewa dukani, na wateja watasubiri.