Namna ya Kumwombea Mtoto Pampasi Bila Kutaja Pampasi

Kosa la kwanza ni kuwauliza wazazi wanataka nini. Sisi tulilifanya. Kikundi chetu cha wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo hapa Tanga kilipokutana mara ya kwanza, mimi nikiwa katibu kwa sababu tu niliwahi kushika chaki na nina kompyuta isiyozimika ovyo, niliwauliza swali hilo kina mama 17 waliokaa mkekani. Majibu yalikuwa mawili. Pampasi kubwa, maana mtoto wa miaka 12 haingii kwenye ya kichanga. Na mtu wa kuwaangalia watoto tangu asubuhi mpaka saa saba mchana, mama akachome maandazi yake. Kikao kikaisha kwa dakika 20, watu wakanywa chai. Nikadhani kazi imekwisha.

Wewe unayeanza leo usidanganyike hivyo. Pampasi si mradi. Pampasi ni shida, na shida haifadhiliwi. Kinachofadhiliwa ni pengo. Mama akikwambia hana pampasi, andika kwamba kuna pengo katika upatikanaji wa huduma jumuishi za usafi binafsi kwa watoto wenye mahitaji maalumu. Kisha msomee mama sentensi hiyo. Akiitikia "Amin", akidhani ni dua, ujue umeiandika sawasawa.

Kabla ya pengo, kuna jina na usajili. Jina lazima lifupishike. Tulikaa jioni tatu tukitafuta maneno ya Kiingereza ambayo herufi zake za mwanzo zikipangwa zitoe neno la matumaini. Neno lenyewe tulilipata jioni ya kwanza. Jioni mbili zilizobaki tulikuwa tukiwinda maneno ya kulijaza. Usajili ni safari ya katiba, muhtasari wa kikao, wasifu wa viongozi na picha za pasipoti, na ukishasajiliwa kuna ada ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Mkaguzi anataka hela. Mfadhili hakupi ruzuku kabla hujakaguliwa, na hukaguliwi kabla hujapata hela. Tulitoka humo kwa mchango wa elfu kumi kumi, yaani kwa maandazi.

Sasa fungua tovuti za wafadhili. Wengi wameandika mapema kabisa kwamba hawapokei maombi ambayo hawakuyaalika. Ni kama shughuli ya kadi: huwezi kuingia ukumbini kwa sababu tu una njaa. Namna ya kualikwa ni kufahamika, na namna ya kufahamika ni kuhudhuria semina hotelini, ukae meza ya mbele, uulize swali lenye neno "jumuishi" mara mbili, na usiondoke kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu mikataba huanzia kwenye foleni ya wali.

Nikitaja kadi nakumbuka kamati zetu za harusi, na roho inaniuma. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, mweka hazina na kundi la WhatsApp lisilolala. Katika wiki sita inakusanya mamilioni, inalipa ukumbi, keki, mpiga picha na mshereheshaji anayepiga kelele kuliko muziki. Hakuna aliyewahi kumwuliza bwana harusi ndoa yake itajiendeshaje baada ya ufadhili kwisha. Mwaka mmoja nikachapisha kadi za aina ileile kwa ajili ya watoto wetu, nikazipeleka kwa watu walewale waliokuwa wameahidi laki laki. Wakazigeuza nyuma na mbele. "Kwani hao Serikali haiwasaidii, Mwalimu?" Basi nikarudi kwa Wazungu.

Andiko lenyewe lianze mbali. Usianze Tanga. Anza na watoto karibu milioni 240 wenye ulemavu duniani, takwimu iliyotolewa na UNICEF mwaka 2021 na ambayo kila mwandishi wa maandiko ameihifadhi kama namba ya simu ya mamaye. Kisha teremka pole pole: Afrika, Afrika Mashariki, Tanzania. Ukifika Tanzania pumzika kwenye sheria. Taja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, taja kwamba tuliuridhia mwaka 2009, taja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Hapo umeshamaliza kurasa mbili na hakuna mtoto hata mmoja aliyelia. Ndipo uingie mtaani kwako, ambako milioni 240 wamebaki 17, na mmoja ana degedege tangu jana.

Namba 17 ni ndogo mno, izidishe. Watoto 17 ni "wanufaika wa moja kwa moja". Kila mmoja ana jamaa watano nyumbani: wanufaika wasio wa moja kwa moja, 85. Majirani huathirika kwa kusikia kilio cha usiku, waweke. Shule ya msingi iko jirani na wanafunzi wake mia tisa watapata mwamko, waweke. Kufikia hapo mradi wako unagusa zaidi ya watu elfu moja, na bado una pampasi sifuri.

Halafu kuna logifremu. Hili ni jedwali la visanduku 16, safu nne kushuka na nne kwenda kando, lililobuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani, likaenea mpaka likaingia kwenye vikundi vya akina mama wasiojua Marekani iko upande gani wa minazi. Safu ya mwisho ni ya dhana, yaani mambo ambayo mradi unayategemea lakini hauna mamlaka nayo. Miaka yote tumeandika humo kwamba mvua zitanyesha, bei ya mafuta haitapanda na uchaguzi utapita salama. Sijaona aliyeandika kwamba mfadhili mwenyewe atakuwepo. Julai 2025 USAID ikafungwa. Jedwali lake bado liko mezani kwangu, buheri wa afya.

Swali gumu kuliko yote ni la uendelevu: baada ya miezi 12, mradi utajiendeshaje? Jeraha la ubongo alilolipata mtoto kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye haliponi kwa miezi 12. Halizidi, lakini haliponi. Mtoto anahitaji kunyooshwa viungo leo, kesho na akiwa na miaka 30. Hilo usiliandike. Andika kuku. Wazazi watafuga kuku, kuku watataga, mayai yatauzwa, faida italipa huduma. Sijaona swali la uendelevu ambalo halijibiwi na kuku. Ukiona haya, ongeza sabuni ya maji. Sisi tulipewa kuku 100. Kideri kikapita mwezi wa nne, banda likabaki na maji ya kunywa. Watoto wote 17 walikuwepo.

Kwenye bajeti, kanuni ni moja: kinachopigika picha kinalipika. Kiti cha magurudumu kinapigika picha. Matroni anayembadilisha mtoto nguo hapigiki, na mshahara wake ni "gharama za uendeshaji", fungu ambalo wafadhili hulitazama kama mkwe anavyotazama sahani ya pili. Basi omba viti. Vitakuja viti 14 vya hospitali, vya mtu mzima, magurudumu membamba yanayozama mchangani kabla ya kufika barabarani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 likisema kiti kipimwe kwa mtumiaji wake na mahali anapoishi, na Moshi, pale KCMC, chuo cha TATCOT kinafundisha watu kazi hiyohiyo. Mtoto wa mtindio asipowekewa kiegemeo na mikanda anateremka kitini kama mzigo wa nguo, mgongo unazidi kupinda. Lakini kupima mtoto ni gharama za uendeshaji. Viti vyetu viwili vinabeba madumu ya maji, na vinabeba vizuri.

Nauli nayo ni mtihani. Mfadhili anataka risiti ya mashine. Mama anayebeba kijana wa kilo 30 hadi kliniki anapanda bajaji, na dereva wa bajaji ukimwomba risiti ya EFD anakutazama kama uliyemwomba cheti cha ndoa. Tengeneza orodha ya malipo yenye jina, tarehe, kiasi na dole gumba. Hii si kejeli, ifanye siku ileile. Dole gumba la mwezi uliopita halipatikani kirahisi.

Nisisahau simulizi. Kila andiko lina kisanduku cha kisa kimoja chenye picha, na kinachopendwa ni cha mtoto aliyefichwa ndani. Ofisa miradi mmoja alinipigia akakitaka kabla ya Ijumaa. Nikazunguka. Mama wa nyumba ya tatu akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, nimfiche wapi? Chumba chenyewe kimoja, na mlango hauna komeo. Huyu mtaa mzima unamjua, akipiga kelele wanajua saa ya uji imefika."

"Basi hata siku moja hukuwahi kumfungia?"

"Nilikwenda kuzika Pangani, nikamwacha kwa jirani. Hiyo haitoshi?"

Haikutosha. Kumbuka pia kwamba mtoto awe na huzuni kwenye andiko na tabasamu kwenye ripoti. Wetu mmoja alitutia hasara, kwani hutabasamu akiona kamera yoyote.

Ruzuku ikitoka, sehemu kubwa italiwa na semina ya kuwajengea wazazi uwezo. Mwezeshaji atakuja na karatasi za rangi awafundishe namna ya kumnyanyua mtoto kina mama waliomnyanyua miaka 12. Ila nisiwe mnafiki: katika siku mbili za semina yetu kulikuwa na nusu saa ya mtaalamu wa viungo kutoka hospitali, aliyeonyesha jinsi ya kumkalisha mtoto wima na kumwinamisha kichwa kidogo mbele anapolishwa, ili asipaliwe. Wengi wetu tulikuwa tukilisha mtoto amelala chali. Nusu saa ile peke yake ningeiandikia andiko. Kwenye ripoti ilipata mstari mmoja, kwa sababu haikuwa na kiashiria.

Mwisho wa kutuma. Saa kumi na moja jioni ya Washington ni saa sita usiku wa Tanga wakati wa kiangazi chao, na saa saba kuanzia Novemba wanaporudisha saa nyuma. Umeme huijua ratiba hii kuliko wewe. Tuma siku mbili kabla, ushauri ambao nimeutoa mara nyingi na sijawahi kuufuata.

Wiki hii limetoka tangazo jipya. Ulemavu umepoa kidogo. Sasa ni mabadiliko ya tabianchi. Nilitaka kulifunga, kisha nikakumbuka mkeka. Pampasi za dukani ni taka za plastiki zisizooza. Nepi za kitambaa, zilizoshonwa na kina mama wenyewe kwa cherehani za mradi, hufuliwa na kurudiwa: taka zimepungua, wanawake wamewezeshwa, uchumi wa mzunguko umezunguka. Na chumba cha kushonea kitahitaji mtu wa kuwashika watoto asubuhi mpaka saa saba. Jana usiku nilimsomea Bi. Mwenyekiti kurasa zote kwenye simu. Alinyamaza kwa muda nikadhani salio limekwisha.

"Na kuku?" akauliza.

"Wamo, Bi. Mwenyekiti. Ukurasa wa tisa."

"Haya, tuma."