Barua ya wazi kwa Sanduku la Taifa la Usawazishaji, Kinshasa

Mheshimiwa Sanduku,

Salamu kutoka Butembo. Watu hatujambo, mgonjwa ni barabara.

Huenda umetusahau, basi tujitambulishe: sisi ni wazazi wako. Desemba 2005 tulipanga mstari, Butembo na Beni, kwenye kura ya maoni ya Katiba. Ulitoka ndani ya sanduku letu la kura: kifungu cha 181, kazi yako kuyasawazisha majimbo. Hata chakula chako kiliandikwa, asilimia 10 ya mapato ya taifa yanayoiangukia Serikali kuu, kila mwaka. Kifungu cha 175 kikaliachia jimbo asilimia 40, tena zikatwe palepale zinapokusanywa.

Palepale, kwetu sisi, ni Kasindi, mpakani. Malori yanaingia kutoka Uganda, forodha inahesabu, pesa zinakwenda Kinshasa. Wakati wa kwenda hazikwami matopeni hata siku moja. Kurudi ndiko kuna utelezi, na jimbo linabaki kuomba lirudishiwe kile ambacho hakikupaswa kuondoka.

Sheria ya kukuunda ilitoka mwaka 2016. Tembo hubeba mimba miezi 22 na watu wanamstaajabia!

Kama pesa hazirudi, labda mlituogopa. Tarehe 26 Desemba 2018 CENI, tume ya uchaguzi, ilitangaza kwamba Beni na Butembo hatutapiga kura tarehe 30 pamoja na wenzetu, kwa sababu ya Ebola na usalama, tungoje Machi. Rais akaapishwa Januari 24. Ndugu zetu wa Beni walijipangia uchaguzi wao wa kuigiza, wakapiga kura hivyo hivyo. Ajabu ni kwamba Ebola iliyokaa kwenye karatasi ya kura haikukaa kwenye noti ya kodi. Franka zetu zilipokelewa bila hata kupimwa joto.

Na kama ulichokosa ni anwani, tangu Goma itekwe Januari 2025 makao ya jimbo letu yametoka huko na kuhamia Beni. Njia unaijua, pesa zetu huipita.

Juzi mvua ilifumua shimo mbele ya duka la jirani yangu. Vijana wakaleta mawe na vipande vya matofali. Mama muuza ndizi akatoa franka 500, dereva mmoja wa pikipiki akatoa 1,000 na kulalamika kwamba ameshalipa kodi. Karani wa mtaa akaandika yote. Jina lako, Mheshimiwa, limo kwenye daftari hilo, chini ya mama wa ndizi. Nafasi ya kiasi bado iko wazi.