Jani la Saladi na Mkono Mmoja

Ilikuwa Jumatano moja ya kaskazi, wakati ambapo mji wa Tanga huwa kama chungu kilichofunikwa kikasahauliwa mekoni, nilipotoka kwa tabibu nimebeba habari mbili: ya kwanza kwamba sukari yangu imeanza kupanda ngazi pasipo kualikwa, na ya pili kwamba chakula changu cha usiku, ambacho kwa muda wa zaidi ya miaka 20 kilikuwa wali wa nazi, au chapati, au, Mola anisamehe, wali wa nazi pamoja na chapati, hakina budi kubadilika. "Kula vyepesi, mzee wangu," aliniambia. "Majani, majani." Nilimshukuru kwa adabu, kama ashukuruvyo mtu aliyehukumiwa akapunguziwa kifungo.

Mke wangu Jumatano hurejea baada ya magharibi, nami, kwa ghururi ya mtu aliyestaafu ambaye hajapata kukabidhiwa jiko hata siku moja, nilimwahidi kwamba atakapoingia atakuta chakula kiko tayari. Nilikwisha soma katika jarida habari za mapishi mepesi yasiyo na wanga: hutwaliwa jani la saladi, likawekwa kiganjani, likatiwa nyama ya kusaga iliyokaangwa kwa tangawizi na kitunguu thaumu, likakunjwa, likaliwa mahali pa chapati. Jarida lilisema kazi yote ni dakika 20. Sijapata kumwona mwandishi wa mapishi aliyehesabu dakika za kwenda sokoni.

Saladi tuilayo Tanga aghalabu hutoka Lushoto, katika miteremko ya Usambara yenye baridi na ukungu, ikashuka kwa makona ya Soni hadi Mombo, na kutoka hapo ikaja pwani katika joto ambalo hata dereva hulilalamikia, sembuse jani. Niliyoikuta sokoni alasiri ilikuwa imejilaza juu ya gunia kama msafiri aliyekosa godoro. "Zimelala tu, mzee, hazijafa," alisema muuzaji kwa huruma. Jarida lilikuwa limeusia saladi ile ifungayo kichwa kama kabichi, kwa kuwa jani lake lina umbo la bakuli na hushika kitu. Walakini kichwa alichonacho kilikuwa kimoja, na ukubwa wake ni ngumi ya mtoto. Nikachukua mafungu matano ya ile iliyokunjuka, nikijiambia kwamba jani ni jani. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na kwa kuwa lilikuwa la kwanza sikulitambua.

Muuzaji aliniusia pia nizioshe kwa maji ya chumvi ili wadudu watoke, naye alisema kweli, ila hakusema kwamba wadudu hutoka kwa dakika chache. Nami nilizitumbukiza, nikatia chumvi kwa ukarimu, nikaenda kuswali, na baada ya kuswali nikazuiwa barazani na mazungumzo. Niliporudi wadudu walikuwa wametoka, na roho ya saladi nayo ilikuwa imetoka. Chumvi huvuta maji yaliyomo ndani ya jani, na kitu ambacho sehemu 95 katika 100 za mwili wake ni maji, ukikinyang'anya maji yake hukukibakishia hata cha kuzikia. Nilitafuta barafu kwa jirani, nikayalaza majani katika maji baridi matupu, na baada ya nusu saa, ajabu ya Mungu, baadhi yake yakaanza kuinua masikio.

Ikabaki kuyakausha, maana jarida lilisema kwamba jani lililolowa huharibu kila kitu. Kitambaa safi sikukiona. Nilichokiona ni foronya. Niliyatia majani humo, nikasimama katikati ya ua, nikaizungusha foronya juu ya kichwa kama mlinzi wa shamba la mpunga azungushavyo teo, na maji yakaruka pande zote, yakaangukia kanga zilizoanikwa, yakaangukia paka, yakavuka ua. Kichwa cha jirani kikachomoza.

"Jirani, kuna nini? Nyoka?"

"Hapana, jirani. Ni saladi."

Alinitazama kitambo. "Pole sana," akasema, kichwa kikarudi chini.

Nyama ilikuwa nusu kilo, nami niliikaanga vyema kwa tangawizi, karoti na vitunguu majani, nikaikamulia ndimu, na laiti ningaliiachia hapo. Lakini mlango ulifunguliwa, na nyuma ya mke wangu wakaingia bibi yake na mjomba wake, waliopita kutujulia hali, na mgeni aliyepita saa ya chakula hapa kwetu haulizwi kama atakula. Nilitazama nyama, nikahesabu watu, nikafanya lifanywalo na kila mwenye nyama chache: nikatia kikombe cha maji ili upatikane mchuzi.

Tuliketi mkekani. Birika na bakuli vikapita, tukanawa, na sinia likatua katikati: majani upande huu, nyama upande huu. Mjomba, mtu wa taadhima ambaye kanzu yake hupigwa pasi hata mikunjo ya makwapani, alitaja jina la Mungu, akanyamaza, akangoja. Tulingoja sote. Hatimaye nilifahamu kwamba anangojea chakula, naye alidhani majani yale ni pambo la sinia.

Nilieleza. Na nilipokuwa nikieleza ndipo nilipoona jambo ambalo jarida halikulitaja na mimi sikulifikiri, ilhali ndilo lililostahili kufikiriwa kabla ya chumvi na barafu: jani lisilo na umbo la bakuli hukunjwa kwa mikono miwili, mmoja ukishika na mmoja ukifunika, na sisi tulilelewa tangu udogo kula kwa mkono mmoja wa kulia, na yule wa kushoto una shughuli zake na heshima yake mahali pengine. Chapati humegwa kwa mkono mmoja. Tonge la wali hufinyangwa kwa mkono mmoja. Mkono wangu wa kushoto ulikwisha anza kuinuka kwenda kusaidia, macho ya bibi yakautulia, nao ukarudi gotini wenyewe.

Mjomba hakurudi nyuma. Alitwaa jani, akatia nyama, akajaribu kulifumba kwa vidole vitano vya mkono ule ule uliolibeba, akainua. Jani likapasuka katika uti wake wa kati. Nyama ikarudi siniani, bali mchuzi ulikataa kurudi: uliteremka kiganjani, ukapita kifundo, ukaingia ndani ya mkono wa kanzu kwa utulivu wa mtu aingiaye nyumbani kwake, na punde doa la manjano likajitokeza kiwikoni. Hakuna aliyesema neno. Mke wangu alitazama dari.

Bibi ndiye aliyeuvunja ukimya, naye hakuuvunja kwa maneno. Alichagua jani dogo, akalitazama mbele na nyuma, akalinyofoa kikonyo kwa ukucha, akaweka nyama kidogo, kiasi cha ncha ya kijiko, bighairi ya mchuzi. Kisha kidole gumba kikalaza upande mmoja, cha shahada kikalaza wa pili, ncha ikakunjwa chini, na kitu kizima, kidogo kama cha kuchezea, kikaingia shavuni kwa mara moja. Mkono mmoja tu. Mwanamke yule ametafuna tambuu kwa miaka 60. Jani kwake si mgeni. Nami baadaye nilisoma kwamba Wakorea, wajuzi wa chakula hiki wakiitacho ssam, nao hufanya vivyo hivyo: kifungo kiwe kidogo, kiingie kinywani kizima, wala si adabu kukimega kwa meno.

"Mmetia kama mnapakia jahazi," alisema bibi, akikunja la pili.

Akatufundisha. Mke wangu alifahamu upesi, mimi kwa shida, na mjomba hakufahamu kabisa, kwa sababu alikuwa amekwisha mwuliza mke wangu, kwa sauti ya chini aliyodhani siisikii, kama ule mkate wa asubuhi umekwisha. Haukuwa umekwisha. Alichovya mchuzi wangu akausifu.

Sinia lilipobaki na jani moja, bibi alipapasa ncha ya kanga yake, akatoa kijaluba, akakifungua, akakagua popoo, katu na chokaa yake kama mwenye duka afungaye hesabu. Kisha akalitwaa jani lile la mwisho, akalipangusa magotini, akaliweka ndani, akafunga.

"Hili nitalijaribu na chokaa, mume wangu," aliniambia. "Jani lako zuri, ila halina ukali."