Katika Kuisifu Kava ya Nguzo

Wamesifiwa wafalme mpaka wino ukakauka, wamesifiwa farasi, majahazi na maharusi; na hata vitu dhalili havikukosa msemaji, kwani Lucian wa Samosata, katika karne ya pili, alimtungia nzi sifa kwa ufasaha ambao makadhi wengi hawakuwahi kuupata, Synesius wa Cyrene akautukuza upara, na Erasmus wa Rotterdam mwaka 1511 akauchapishia upumbavu kitabu kizima, nao upumbavu, kwa jinsi ulivyo na jamaa wengi, haukukosa wasomaji. Mlango huo ukiwa umekwisha kufunguliwa na watu wa heshima, sidhani nitalaumiwa nikipita nyuma yao na mzigo wangu, yaani ile kava ya plastiki ivikwayo nguzo ya chuma kwenye vituo vya mafuta, milango ya maghala na pembe za maduka, ili lori linalorudi nyuma kwa pupa liigonge nguzo badala ya kuigonga pampu, ukuta au mtu.

Nimependa kuisifu nikiwa hapa Sachangwan, kwa sababu hapa usalama wa barabara haukupata kuwa maneno ya warsha. Barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret hupita Salgaa, ikapanda hadi Sachangwan, ikaendelea kuitafuta Mau Summit. Na kwa mwenye kurudi, mteremko huo ni mrefu wenye hadaa, ambao dereva mgeni hauogopi mpaka awe amekwisha kuingia ndani yake. Dereva wa lori aliyetoka Malaba, akitaka kuokoa lita chache za dizeli, hutoa gia akaliachia gari lijiendee, na breki zikipata moto hata zikakataa kushika, hapana honi wala dua ya kulirudisha. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapa, watu wakakusanyika kuchota petroli iliyomwagika, moto ukalipuka ukaua watu zaidi ya 110. Na tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa, basi na lori viligongana usiku wakafa watu 36. Baada ya msiba huo ndipo zilipojengwa kuta fupi za zege katikati ya barabara, kuwatenga wapandao na washukao.

Mahali palipopatikana misiba ya namna hiyo si pa mzaha, wala sikusudii kuwafanyia marehemu dhihaka. Nasema tu kwamba, katika vyote vilivyosimamishwa kandokando ya barabara hii kwa jina la usalama, sijaona kilicho na unyenyekevu kama kava. Ubao wa onyo unaamrisha. Tuta linaadhibu mwenye haki na mkosaji kwa kipimo kimoja. Kizuizi cha askari kina mambo yake ambayo wenye matatu wanayajua kuliko mimi. Kava haikuahidi kusimamisha kitu chochote. Unene wake ni milimita 3 au zaidi kidogo, na mwenye kuiuza, akiwa mkweli, atakiri kwamba haiiongezei nguzo nguvu hata chembe. Kuzuia ni kazi ya bomba la chuma lililojazwa zege na kuzikwa katika msingi wake; kazi ya kava ni kuonekana na kukwaruzwa, na kazi hizo mbili huzifanya mchana na usiku bila ya kudai mshahara.

Itazame ile iliyokwisha kukaa mwaka mmoja au miwili mbele ya pampu ya dizeli. Kwenye kimo cha goti ina michirizi myeupe ya bampa za Probox. Juu yake kidogo pana doa jeusi la mpira wa tairi, lililosuguliwa hata likang'aa. Na karibu na kiuno pana kovu pana lililotumbukia ndani, alama ya ubao wa nyuma wa lori la viazi vya Molo, ambalo tanboi wake alikuwa akipiga kelele za "rudi, rudi, rudi" huku macho yake yakimfuata muuza mahindi ya kuchoma. Nguzo ya rangi tupu ingekwisha kumenyeka kwa vipigo hivyo, kutu ikaingia, na mwenye kituo akaitisha mpaka rangi kila baada ya miezi michache. Kava imevipokea vyote, haikuandika hasara, haikumwita mtu wa bima.

Ama katika kuichagua, hapo ndipo fadhila yake ya elimu inapodhihirika, kwani humlazimisha mnunuzi kupima kilichopo badala ya kuamini kinachosemwa. Nilikuwapo tajiri mmoja alipotaka kuagiza kava kutoka Nairobi kwa ajili ya nguzo za kituo chake.

"Mzee, hayo mabomba ni ya inchi nne," fundi akamwambia kwa uhakika mkubwa, "wewe agiza kava ya inchi nne, maneno yaishe."

"Inchi nne ya nani, fundi?" akauliza tajiri, ambaye alikwisha kuuziwa milango kwa vipimo vya namna hiyo.

Na swali lake lilikuwa na maana. Bomba la chuma liitwalo la inchi nne lina kipenyo cha nje cha milimita 114, yaani inchi nne na nusu, na liitwalo la inchi sita lina milimita 168. Jina lake ni la ada ya biashara, na mwili wake ni mambo mengine. Anayeagiza kwa jina huletewa kava isiyoingia hata ikipigwa kwa nyundo, au, akiogopa hilo akaongeza, huletewa inayopwaya, ambayo upepo wa milima ya Mau huizungusha usiku kucha ikigonga chuma kama mgeni mwenye haraka. Basi fundi akatumwa kuleta uzi, akauzungusha kwenye nguzo, akaunyosha juu ya rula ukatoka sentimita 36, akagawanya kwa 3.14, akapata milimita 114 na ushei. Kisha nguzo ya pili, iliyokuwa na rangi ya manjano juu ya nyekundu ya mwenye kituo aliyetangulia, na nyekundu juu ya nyeupe ya aliyemtangulia huyo, ikatoa zaidi. Nafasi ndogo inayobaki kati ya plastiki na chuma hujazwa kwa vipande vya sponji vyenye gundi. Na kimo kikizidi, hukatwa kwa msumeno upande wa chini, maana kichwa chake kimefanywa kuba makusudi, mvua ya huku isipate pa kutuama wala mpita njia pa kusahau chupa ya soda.

Nasaba yake nayo ina masimulizi. Plastiki inayoitwa polithini ilizuka kwa bahati tu mwaka 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, wataalamu wakiwa wanatafuta jambo jingine. Katika ukoo huo umetoka mfuko wa dukani, ambao serikali ya Kenya iliupiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, ikamwekea mwenye kuutengeneza au kuuingiza nchini faini ifikayo shilingi milioni 4 au kifungo kifikacho miaka 4. Jamaa mmoja akafukuzwa nchini kwa fedheha, na binamu yake akapewa kazi ya ulinzi mbele ya pampu, na wala hapana aliyemwuliza habari za ukoo wake. Anayesema kwamba dunia haina nafasi ya pili kwa wenye majina mabaya na aje asimame hapa.

Lakini hata jina baya lina manufaa. Mwezi wa Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta aliifunga biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, kwa kuwa vyuma vya umma, vya reli, vya umeme na vya barabara, vilikuwa vikihama usiku na kuamkia kwenye mizani za wanunuzi. Reli ya kingo huibwa, nguzo ya alama huibwa, na bolti zake huibwa kabla yake. Kava ya plastiki husimama peke yake pasipo mlinzi, kwa sababu uzito wake haupandishi mizani na bei yake haimwamshi mwizi usingizini. Ni wachache kati yetu wenye amani ya moyo ya namna hiyo.

Kuhusu rangi, maneno ni mengi kuliko haja. Manjano ndiyo rangi iliyo karibu na pale ambapo jicho la mwanadamu huona kwa wepesi zaidi mchana, na ikiwa na mikanda miwili inayorudisha mwanga, taa za lori huiokota hata katika ule ukungu wa alfajiri unaolala hapa Sachangwan kana kwamba umelipa kodi. Tajiri wetu alitaka samawati, ipate kupatana na mabati ya kituo. Binti yake, anayesoma Nakuru, akataka kijivu, akisema kuwa manjano ni ya kishamba. Nguzo ya kijivu katika ukungu wa kijivu ni mtego uliowekwa kwa gharama, lakini sikuulizwa. Nikauliza mimi jambo moja tu, kama plastiki ile imechanganywa dawa ya kuikinga na jua, kwani katika nchi hii ya zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari baridi huwahadaa watu wakasahau kuwa jua lake ni kali, na plastiki isiyo na dawa huparara, ikapasuka kwenye mshono, ikawa aibu kuliko rangi iliyomenyeka.

Sasa niitaje fadhila yake kuu, ambayo maadui zake huiita aibu: sitara. Ivike nguzo yenye kutu, itaonekana mpya. Ivike bomba ambalo mkandarasi alisahau kulijaza zege, litaonekana shupavu. Ivike gogo la mkaratusi lililochimbiwa shimo la kina cha mkono, na mkaguzi, akiwa ndani ya gari na kioo kimepandishwa, ataandika kwamba nguzo zipo na zimekamilika. Ni ukarimu ulioje huo, kumfichia mkandarasi dhambi zake mpaka atakapokwisha kulipwa! Nami, kwa kuwa nampenda ninayemsifu na sitaki atumiwe kwa ushahidi wa uongo, nilimshauri tajiri agonge kila nguzo kwa nyundo kabla ya kuivika, aisikilize kama imejaa au ni tupu, akwangue kutu, aipake rangi ya kuzuia kutu, kisha ndipo avike. Akagonga. Kati ya nguzo sita, mbili zilitoa sauti ya debe, na fundi akakumbuka ghafla kwamba ana kazi Molo.

Zege likamiminwa katika hizo mbili, na kava zikaagizwa, za manjano, kwa kuwa samawati zilikuwa zimekwisha dukani. Tajiri aliagiza saba kwa nguzo sita, nami nikamwunga mkono, maana ile ya saba, ikipinduliwa kuba chini na kuegemezwa pembeni mwa ukuta wa jikoni, hukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, na mama wa nyumba alikuwa amekwisha kuiwekea nafasi kabla lori la mizigo halijaondoka Nairobi.