Macho Mekundu ya Longonot

Mchana, shangazi zangu wa Longonot ni wanawake wa heshima zao. Wapige picha usiku kwa kamera ndogo yenye flashi, watatokea kama kikao cha majini wanaokula mukimo.

Kosa si lao. Gizani mboni hupanuka ili jicho lipate mwanga wowote uliopo. Flashi ya kamera ndogo imekaa ubavuni mwa lenzi, kwa hiyo mwanga wake hupenya hadi nyuma ya jicho, penye damu tele, na kurudi kwa njia iyo hiyo ukiwa mwekundu. Kamera haidanganyi, inachungulia tu mahali ambapo haikualikwa.

Kwenye ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya binamu yangu, stima ilipotea kabla ya chai. Kamera ilikuwa yangu, basi na kazi ikawa yangu. Nikawasha ile flashi ya kuzuia macho mekundu, inayomulika kwanza ili mboni zisinyae, kisha inamulika tena na kupiga. Niliwaeleza wageni. Lakini nani humsikiliza mwenye kamera akiwa na njaa? Mwanga wa kwanza tu, kila mtu akapumua na kurudia sahani yake. Picha nzima ni visogo, pamoja na mjomba mmoja mwenye mfupa mdomoni.

Nikapiga upya kwa flashi ya kawaida, macho yakawaka, nikaingia kwenye menyu ya kuhariri. Programu ya kamera hutafuta nyuso, kisha viduara vyekundu humo, na kuvipaka weusi. Jicho lenyewe hailijui. Shosho, nyanya yangu, alikuwa amevaa vipuli vya shanga nyekundu alivyouziwa na akina mama wa Kimaasai. Macho yake yalibaki yanawaka moto. Vipuli vikawa vyeusi tii. Bwana harusi alipona jicho moja. Nyuma ya wote alisimama mbuzi wa mahari, macho ya kijani yakimetameta, na programu ikampita bila kumgusa: mbuzi ana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, nayo programu imefunzwa wekundu peke yake.

"Yaani mbuzi ndiye amependeza?" akauliza shosho, kamera ameishikilia mbali na uso wake.

Kusema kweli, alikuwa amependeza.

Kesho yake vijana walipanda Mlima Longonot, mita 2,776, kwa ile njia ya jivu la volkeno ambalo wakati wa kiangazi humfuata mtu hadi kwenye kope. Picha za ukingoni mwa kreta, jua la utosi, bila flashi, zilikuwa na macho mekundu kushinda ya usiku. Nikabonyeza kitufe. Kamera ikajibu kwamba hakuna jicho jekundu lililoonekana. Wekundu wa vumbi hukaa kwenye weupe wa jicho, na dawa yake ni maji.

Siku hizi nawasogeza watu karibu na taa, hata kama ni taa za pikapu, na kuwaambia watazame bega langu badala ya lenzi. Shosho hutazama lenzi vilevile.

Moja tu silifanyii mzaha. Mtoto akipigwa picha kwa flashi, na mboni ya jicho moja ikawa inatokea nyeupe mara kwa mara huku ya pili ikiwa nyekundu, usiihariri picha hiyo. Huenda ni dalili ya ugonjwa wa jicho, hata saratani. Mpeleke upesi kwa daktari wa macho, na picha uibebe jinsi ilivyo.