Mwenye Nini?

Pwani ya zamani ilikuwa na cheo kitamu: mwinyi. Ni "mwenye" yuleyule, ila huyu hamalizii. Mwenye nini? Nani angethubutu kumuuliza! Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu, jumba lake Dunga. Masultani kutoka Oman walipokita mizizi, akabaki na jina zaidi ya mali. Magofu ya Dunga yapo, kaone.

Leo "umwinyi" ni shutuma: bwana anaingia ofisini saa nne, anatundika koti kitini, huyoo chai. Koti ndilo linalochapa kazi.

Vyeo vya siku hizi angalau vinataja mali: mwenyekiti ana kiti. Mwenye nyumba wangu akigonga alfajiri ya tarehe mosi, namwamkia, "Shikamoo, mwinyi!" Anachekelea, masikini.