Ukungu wa Kupiga Picha

"Mwanangu, ukungu umeingia," Bibi jirani aliniambia asubuhi moja ya Aprili, mkono mmoja juu ya ua, mwingine umekusanya kanga kifuani. Nikamshukuru, nikakimbilia ndani kuchukua simu.

Nieleweke kabla sijahukumiwa. Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Kwetu kinachoshuka kutoka angani ni joto, na mvua ikijisikia. Nilipohamishiwa Lushoto kikazi, nikapanda zile kona za Mombo nimefumba jicho la upande wa bonde, kilichonishangaza kuliko vyote ni hilo wingu linaloingia uani bila hodi na kukaa mpaka saa nne. Kwa hiyo Bibi aliposema ukungu, nilijua ananiita nitazame mandhari. Nikapiga picha nane: mgomba ndani ya ukungu, choo cha nje ndani ya ukungu, na nyanya zangu, miche 60, zikichuruzika umande kama zimetoka kuoga. Nikazirusha kwenye grupu la familia. Kaka akajibu, "Wewe sasa uko Ulaya."

Siku ya tatu Bibi akaniuliza kwa upole, "Umeshapiga?"

"Nimepiga, Bibi. Tena nyingi."

"Ahsante sana," akasema, akaenda zake ameridhika.

Jani la kwanza nililiona Jumapili. Lilikuwa na doa la rangi ya mchicha uliomwagiwa maji ya moto, limeanzia nchani linaingia katikati. Nikaligeuza. Chini yake, kuzunguka doa, palikuwa na unga mweupe mwororo, kama manyoya ya kifaranga aliyeanguliwa jana. Nakiri kwamba ulipendeza. Kufikia Jumatano bustani ilikuwa imeinama kama watu waliopo msibani, mashina yamepiga weusi, na nyanya changa zina mabaka ya kahawia, magumu, kama zimeegemezwa kwenye pasi.

Kijana wa duka la pembejeo alilitazama jani langu kwa sekunde mbili, kama daktari aliyeletewa mafua. "Bakajani chelewa hilo, kaka."

Chelewa! Limechelewa wapi, na limenikuta nyanya hazijafika hata ukubwa wa ndimu? Akanieleza kwamba lina mwenzake, bakajani tangulia. Sikutaka kutambulishwa.

Ni yeye aliyenifungua macho. Ule ukungu wa hewani ukilowesha majani kwa saa nyingi, na ubaridi ukiwa kwenye nyuzi 15 hadi 20 hivi, ndipo ukungu wa jani unapopata nafasi ya kuota, kisha upepo unazichukua mbegu zake na kuzigawa kwa majirani. Jina moja, mkondo mmoja. Bibi alikuwa anatoa tahadhari, na alipouliza kama nimepiga, aliuliza habari za dawa. Nilipita ua wake siku mbili nikijifanya naongea na simu.

Usiku nikasoma. Adui yangu anaitwa Phytophthora infestans, jina alilopewa na Mjerumani Anton de Bary mwaka 1876, na neno lile la kwanza kwa Kigiriki maana yake ni mharibifu wa mimea. Ndiye aliyeozesha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja wakafa. Nikaona haya kuombolezea miche 60. Lakini lililoninyima usingizi ni jingine. Wataalamu wanasema kiukoo huyu si kuvu hasa. Jamaa zake wa karibu ni mwani wa kahawia, ule wa baharini. Yaani nimeiacha bahari Tanga, nimepanda mlima mita 1,400, na mwani umenifuata!

Ilibaki miche 18 yenye uhai. Bibi, ambaye hakucheka hata kidogo (nashuku alichekea ndani), akaniletea mrututu kwenye kikaratasi: gramu 100, chokaa kiasi hicho hicho, maji lita 10. Akanionya kwamba mrututu ni kinga tu, haufufui jani lililokufa. Dawa hii nayo ina kisa chake. Huko Médoc, Ufaransa, wakulima walikuwa wakipaka mchanganyiko huo wa kibuluu kwenye mizabibu ya kando ya barabara ili wapita njia wasidokoe zabibu. Mwaka 1882 profesa Millardet akagundua kwamba mizabibu ya barabarani ndiyo iliyobaki na majani yake. Wenzangu waliokolewa na wezi. Bustani yangu haikuwa imetamanisha hata mbuzi.

Bibi alisema ndoo ya plastiki. Nadhani alisema. Mimi nilichukua ndoo kuukuu ya bati ya mama watoto, nikaloweka mrututu, nikalala. Asubuhi ndoo ilikuwa nyeusi ndani, ina matobo mawili, na sakafu ya jikoni imepata ramani ya bluu. Mama watoto aliuliza swali moja tu: "Na ndoo nayo ilikuwa na ukungu?"

Mara ya pili nilitumia plastiki, nikajaza bomba la mgongoni, nikapulizia kwa fahari huku upepo ukinirudishia usoni. Bibi akaja na msumari. Akauchovya kwenye dawa iliyobaki, akasubiri kidogo, akautoa. Msumari umekuwa mwekundu kama senti ya zamani.

"Chokaa haikutosha, mwanangu. Umezichoma."

Ulichobakiza ukungu nikakimaliza mimi, isipokuwa mche mmoja wa pembeni ambao bomba halikuufikia. Huo ukaugua kwa nafasi yake.

Wiki iliyofuata kaka akaandika kwenye grupu: "Vipi, huko hakuna ukungu tena? Tuma picha." Nikatoka uani, nikageuza jani la ule mche, nikausogelea ule unga mweupe mpaka ukajaa kioo kizima, nikamtumia.

"Mashallah," akajibu. "Hadi theluji!"